Omeprazoli si pipi, wandugu

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya boom kuchelewa, lakini hiyo ipo tu, haikimbii. Leo tuongee matumbo yetu. UE zimebaki wiki tatu, hosteli nzima inanuka kahawa na chipsi za saa sita usiku, na kila chumba ninachoingia nakuta vile vidonge vya rangi mbili viko mezani kando ya daftari. Omeprazoli. Mtu akibeua, anameza. Akila maharage ya kantini, anameza. Akigombana na mchumba, nahisi napo anameza.

Msimamo wangu ni kwamba dawa hii ni nzuri kweli, ila sisi tunaimeza kama panadol, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi si daktari, nasoma sosholojia. Lakini ninayekaa naye chumbani yuko famasi mwaka wa nne, na yale makaratasi ya ndani ya boksi huwa nayasoma mpaka mwisho.

Iko hivi. Kwenye ukuta wa tumbo kuna vijipampu vidogo sana vinavyomwaga asidi, na vingi vinaamka chakula kinapoingia. Omeprazoli inavifunga vile vilivyoamka. Kwa hiyo inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu kabla ya chakula: nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, mara nyingi kabla ya chai ya asubuhi. Ukiimeza saa nane usiku wakati chipsi mayai imeshashuka, basi limeshaondoka. Na hata ukiimeza kwa wakati, nguvu yake kamili inachukua siku 1 hadi 4. Ile nafuu unayoisikia baada ya dakika 10 ni maji uliyomezea. Halafu msitafune zile punje za ndani ya kapsuli, jamani. Zimefunikwa makusudi ili asidi isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo.

Kiungulia cha ghafla kina dawa zake, zile za kutafuna za magnesiamu na aluminiamu au ya maji ya kwenye chupa. Zinaizimua asidi iliyopo hapo hapo, na bei yake haitishi. Za magnesiamu zinaweza kukuharisha, za aluminiamu zinafunga choo, ndio maana nyingi zimechanganywa. Ila ninyi mnaotibiwa UTI kila mwezi sikilizeni: ukimeza sipro pamoja na dawa hizi, vinashikana tumboni na sipro haiingii mwilini inavyotakiwa. Sipro imezwe saa 2 kabla yake, au saa 6 baada yake. Nina hakika kuna mtu humu amelalamika sipro haimsaidii wakati kaibana mwenyewe.

Kuna pia ranitidini, dawa ya wazazi wetu. Hiyo mwezi wa nne 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliomba iondolewe yote sokoni kwao, kwa sababu ndani yake kulionekana NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na ilizidi kuongezeka dawa ikikaa muda mrefu au kwenye joto. Kama bibi kakupa boksi la kabatini, mshukuru na uliache. Famotidini ni ya ukoo huo huo na haikukutwa na tatizo hilo.

Turudi kwenye omeprazoli, maana hapa ndipo wengi tunaponasa. Denmark walifanya utafiti uliochapishwa 2009. Walichukua watu 120 wazima, wasio na shida yoyote ya tumbo, nusu wakapewa esomeprazoli (pacha wa omeprazoli) kwa wiki 8, nusu vidonge visivyo na dawa. Dawa ilipoachwa, asilimia 44 ya waliokuwa wakiimeza walipata dalili za asidi, wenzao asilimia 15. Yaani mtu mzima kabisa anaacha dawa na kiungulia kinaanza! Sasa fikiria anayemeza tangu mwaka wa kwanza. Kila akijaribu kuacha kinawaka, anasema "unaona, bado naumwa", anarudi dukani. Marekani, ambako inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2003, boksi linasema siku 14, na usirudie kabla ya miezi 4 bila kuonana na daktari. Kama umeshatumia miezi, usikate ghafla, muulize daktari namna ya kupunguza.

Jamaa mmoja wa bloku yetu (kaniruhusu nieleze, jina hapana) alikuwa na goti bovu la mpira. Akawa anameza diklofenaki wiki tatu mfululizo, na omeprazoli siku tumbo likiuma tu. Akiulizwa anasema "nina kinga". Omeprazoli inaweza kweli kupunguza hatari ya vidonda vya dawa za maumivu, lakini ikimezwa kila siku kwa maelekezo, siyo kwa kubahatisha, na hata hapo haiondoi hatari yote. Choo chake kikawa cheusi kama lami, akadhani ni msosi. Siku ya tatu akadondoka kwenye ngazi. Aliongezewa damu chupa mbili. Akakosa test two, na mama yake alisafiri usiku kucha kwa basi.

Kingine ni vipimo. Tangu Marshall na Warren wa Australia waonyeshe kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria, H. pylori (wakapata Nobel 2005), tunajua vinapona kwa antibiotiki zikienda pamoja na omeprazoli, dozi ikimalizwa yote. Lakini ukienda kupima kwa choo au kwa pumzi huku unameza omeprazoli, kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Iache wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, daktari akikubali. Wangapi wanaambiwa hivyo dukani?

Najua mtasema foleni ya zahanati ya chuo inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Ni kweli, na inaboa. Kwa kiungulia cha msimu wa UE wala huhitaji foleni: kula saa moja jioni badala ya saa sita, usilale mpaka zipite saa tatu hivi, lalia ubavu wa kushoto, weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Wa kitanda cha juu, elewaneni na wa chini. Lakini kama chakula kinakwama kikishuka, unapungua bila sababu, unatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, au choo ni cheusi, nenda leo. Hata kama kesho una pepa.