Griboyedov alikufa akitimiza mkataba

Mwili wa Alexander Griboyedov, mwandishi na balozi wa Urusi nchini Uajemi, ulitambuliwa kwa mkono wa kushoto. Kidole kimoja kilikuwa kimelemaa tangu mwaka 1818, alipopigwa risasi katika pambano la bastola na ofisa mmoja wa Kirusi. Uso haukutambulika tena, kwa jinsi umati wa Tehran ulivyomfanyia tarehe 11 Februari 1829.

Warusi humkumbuka kwa tamthilia yake ya Gore ot uma. Wakaguzi wa Tsar waliizuia, wakaruhusu vipande tu mwaka 1825, na wasomaji wakaieneza kwa kuinakili kwa mkono. Mwaka 1826 serikali hiyohiyo ilimweka kizuizini miezi kadhaa, ikimshuku kushirikiana na waasi walioinuka dhidi ya Tsar Desemba iliyotangulia.

Kisha ikamhitaji. Alikijua Kiajemi, na mkataba wa Turkmenchay wa Februari 1828, uliomaliza vita kati ya Urusi na Uajemi, ulipita mikononi mwake. Uajemi ilipoteza Yerevan na Nakhichevan, ikatakiwa kulipa fidia ya rubli milioni 20 za fedha. Aliyesaidia kuuandika akateuliwa balozi, aende akausimamie. Kazi nzito hiyo, kwenda kudai deni kwa watu ambao jeraha lao bado bichi. Mwaka huohuo alimwoa Nino Chavchavadze, binti ambaye hakuwa ametimiza miaka 16, akamwacha mjamzito Tabriz.

Tehran, usiku mmoja, Mirza Yakub alibisha hodi ubalozini. Alikuwa Mwarmenia, towashi aliyetunza hazina ya wake wa Shah, mfalme wa Uajemi, na siri nyingi za jumba la kifalme alizijua. Aliomba arudishwe kwao. Wanawake wawili wa Kiarmenia kutoka nyumba ya waziri mmoja nao walipewa hifadhi. Mkataba uliwapa watu kama hao haki ya kuondoka, na Griboyedov hakukubali kuwatoa. Mji ukawaka hasira, na umati ukauvamia ubalozi. Watu zaidi ya 30 wa ubalozi waliuawa pamoja naye.

Shah alimtuma mjukuu wake St Petersburg kuomba radhi, na katika zawadi zake ilikuwamo almasi ya karati zaidi ya 88. Urusi ilikuwa vitani na Waturuki, haikutaka adui wa pili. Tsar Nicholas I akapokea, akasamehe sehemu ya fidia, na lawama zikaachwa kwa marehemu, eti bidii yake ilipita kiasi.

Safu hii haikubali. Mkataba aliotekeleza ulikuwa wa Tsar, na waliobisha hodi walikuwa na haki ya kufunguliwa. Serikali yake ndiyo iliyomtupa.