Mzaha wa mitandaoni kuhusu mfamasia una gharama

Fungua simu yako leo, msomaji, na hutakosa kumwona mfamasia. Kwenye TikTok, Facebook na X yeye ni mtu wa kuchekesha. Jumatatu huonyeshwa akitabasamu huku vijana wamepiga foleni kununua P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba. Siku nyingine ndiye pekee awezaye kusoma mwandiko wa daktari, ama ni mchuuzi mwenye koti jeupe anayemuuzia kila ajaye bahasha ya kaki iliyoandikwa 1x3.

Kicheko si dhambi. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na wanaoumia ni wakazi wa mitaa kama Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi, ambako wengi hupitia duka la dawa kabla ya kufikiria hospitali.

Chukua mfano wa hiyo P2. Dawa hii huchelewesha yai kutoka. Haiharibu mimba iliyokwisha kutunga. Hutakiwa kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Msichana anayeogopa kuchekwa, ama kurekodiwa, atazunguka mtaani akingoja duka libaki bila watu, au atamtuma mwenzake asiyeweza kujibu swali lolote. Nani basi atamweleza kwamba tembe hiyo haimkingi na virusi vya Ukimwi, na kwamba ziko njia za kupanga uzazi zinazomfaa zaidi kuliko dawa ya dharura kila wiki?

Hasara ya pili ni kuwatia wote kapu moja. Mfamasia mwenye shahada husoma miaka 5 chuo kikuu, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mwenye diploma husoma miaka 3. Wote husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sheria Sura ya 244. Laghai aliyekodi kibanda na kununua koti jeupe hana lolote kati ya hayo. Mitandaoni, hata hivyo, wawili hawa wana sura moja, na anayefaidika ni laghai. Mteja aliyezoea kuamini kwamba wote ni wachuuzi hataona haja ya kuuliza leseni.

Wafamasia nao wasijitoe lawamani. Wapo wanaouza antibiotiki bila cheti cha daktari, tena tembe nne nne kulingana na mfuko wa mteja. Kwa mtindo huo viini huzoea dawa, na siku ya ugonjwa mkali haitafua dafu. Wapo pia wanaotafuta umaarufu kwa kusimulia mitandaoni alichonunua mteja. Siri ya mgonjwa si bidhaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Basi unapoingia dukani, tazama leseni ya mwaka huu. Uliza dawa inaitwaje, inatibu nini, inamezwa vipi na haipatani na dawa gani. Aliyesomea kazi hii atakujibu bila kuona taabu. Na ukitumiwa video ya kumcheka mteja wa dawa, usiisambaze. Huenda jirani yako anaitazama huku akihesabu saa zilizobaki.