Safura na Wepesi wa Akili

Mtoto asinziaye darasani huitwa mvivu, na karani asahauye hesabu aliyoiandika asubuhi huambiwa kuwa hana akili. Mara nyingi kosa si la kichwa. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote iletwayo na damu. Damu ikipungua nguvu, fikira nazo hulegea.

Miongoni mwa wezi wa damu, mnyoo wa safura ni mwizi hodari. Urefu wake ni kama sentimita 1. Hungoja katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri katika damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hujishikiza utumboni na kunyonya. Mmoja si kitu. Mamia yakikaa humo, madini ya chuma huisha mwilini, na bila ya madini hayo damu haiwezi kuchukua oksijeni ipasavyo. Ndani ya kope huwa peupe, moyo huenda mbio kwa kazi ndogo, na kukaza mawazo huwa taabu.

Wakulima maskini wa kusini mwa Marekani walidharauliwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Charles Stiles alipoieleza minyoo ya huko mwaka 1902, magazeti yaliiita mdudu wa uvivu. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola 1,000,000, na mpaka 1914 waganga walizunguka majimbo 11 wakipima watu, wakigawa dawa na kuhimiza uchimbaji wa vyoo.

Kenya nayo ina habari yake. Kuanzia 1998 shule 75 za Busia zilipewa dawa za minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikuonekana kupanda. Wala si ajabu, kwani dawa hutoa mnyoo, haifundishi kugawanya.

Tena kidonge cha minyoo hakirudishi damu iliyokwisha potea. Hiyo hutaka maini, nyama, maharagwe na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau, lisaidialo tumbo kupokea chuma cha mboga. Chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia, basi yafaa ingoje kama saa 1 baada ya kula.