Mashine ni kama mtoto unayemtuma dukani

Mwaka 2023 mahakama moja ya Johannesburg ilipata kioja. Mawakili walitaka kesi za zamani zinazoonyesha kwamba jumuiya ya wenye nyumba inaweza kushtakiwa kwa kashfa. Wakaiuliza ChatGPT. Ikawapa majina ya kesi na namba zake. Zikatafutwa, wapi! Hazikuwepo.

Watu wakasema mashine ni mwongo. Sawa, lakini na sisi tunaiuliza vipi? Ukimtuma mtoto dukani unamwambia kitu gani, kiasi gani, na akikikosa arudi na pesa. Asiyeambiwa hilo huleta chochote.

Huku Maskati na Dubai tunaiuliza mirathi, viza, hata dawa za wazee. Basi usiandike tu "dawa ya presha". Andika: "Bibi ana miaka 70, anatumia dawa hizi, nipangie maswali ya kumuuliza daktari. Usilolijua, sema hujui."

Hata hivyo, jawabu lihakikishe kwa mwenye elimu yake. Hakimu wa Johannesburg aliwakumbusha mawakili hilohilo: teknolojia iwepo, lakini kusoma mwenyewe hakujaondoka.