Anayebaki na Mtoto Naye Apewe Zamu

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, tangu tarehe 1 hadi tarehe 8, mji wetu wa Morogoro hujaa wageni. Wakulima na wafugaji wa Kanda ya Mashariki, yaani wa mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, hukutana katika Viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa maonyesho ya Nane Nane. Tangu reli mpya ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, watu wa pwani waweza kufika asubuhi na kurudi kwao jioni, wakiwa na watoto wao. Juu ya ng'ombe wa maziwa, mbegu bora na matrekta yanayoonyeshwa huko, nawaachia wenzangu wa mchepuo wa kilimo. Mimi nataka kusema juu ya upande ule wa viwanja usiokuwa na ng'ombe wala mbegu, nao ni upande wa bembea za watoto.

Huenda msomaji akacheka, akasema kwamba bembea si jambo la kumshughulisha mwanafunzi wa Kidato cha Nne ambaye mtihani umemkaribia. Namwomba anivumilie kidogo. Bembea yenyewe ni mchezo, lakini swali linalozuka chini ya bembea si la mchezo hata kidogo. Swali ni hili: watu wa nyumba moja wamekwenda kufurahi, na mtoto mmoja miongoni mwao amekataa katakata kupanda, je, nani abaki naye?

Kwanza yafaa tukubaliane kwamba mtoto aliyekataa asilazimishwe. Wako watu wazima wanaosema, "Mpandisheni tu, atazoea." Humkamata mtoto mikono na miguu, wakamketisha kitini hali analia, na watu waliopanga mstari wakicheka. Jambo hili si zuri, na tena ni la hatari. Mtoto aliyeshikwa na hofu hawezi kutulia. Aweza kujichopoa katika mkanda au kusimama wakati mashine inazunguka. Kadhalika, mtoto aliyedanganywa leo kwamba "haiendi mbali" hatakuamini kesho utakapomwambia jambo la kweli. Kukataa kwake si ukaidi wala si uoga wa kuchekwa. Ameitazama mashine, amejitazama mwenyewe, akaona bado. Wangapi kati yetu watu wakubwa wana busara ya kusema "bado"?

Wala mtoto huyo asiachwe peke yake. Kumwambia mtoto wa miaka minne, "Kaa hapa, usiondoke, tunarudi sasa hivi," katikati ya umati wa Nane Nane, ni kumtia katika hatari. Kila aliyewahi kufika viwanjani amesikia kipaza sauti kikitangaza kwamba mtoto fulani, mwenye shati la rangi fulani, ameonekana akilia, na wazazi wake waje kumchukua. Basi hapana budi mtu mmoja abaki. Hapo ndipo palipo na shida niliyokusudia kuieleza.

Mwaka jana darasa letu lilipelekwa kuyatazama maonyesho hayo. Tulipopewa saa moja ya kupumzika, mimi na rafiki yangu tulikwenda kusimama karibu na jumba lile la mpira linalojazwa upepo, ambalo watoto huvua viatu wakaingia kurukaruka ndani. Kando ya jumba hilo alisimama msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Mkono mmoja ameshika jozi tatu za viatu, na mkono wa pili amemshika mdogo wake wa kiume aliyejificha nyuma ya gauni lake asitake hata kutazama. Kaka zake walitoka, wakavaa viatu, wakakimbilia bembea ya kuzunguka. Naye akawafuata na mtoto. Walipokwisha bembea wakarudi tena kwenye jumba la mpira; naye akarudi nao, akapokea viatu. Nikamwuliza wamepanda mara ngapi. Akanijibu upesi, kama mtu aliyekuwa akihesabu, "Kaka mkubwa mara tatu, kaka mdogo mara tatu, na binamu mara mbili."

Nikamwuliza, "Na wewe je?"

Akasema, "Mimi nashika viatu, dada."

Hakusema kwa hasira wala kwa masikitiko. Alisema kama mtu anayetaja kazi yake. Punde mama yao akaja, akawaambia kwamba jua limekwisha kushuka na fedha zimekwisha, wakaondoka. Mama huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba mfuko mzito wa miche na amechoka kama akina mama wote. Lakini nadhani hapana mtu katika jamaa ile aliyetambua kwamba mmoja wao alikuja Nane Nane na hakupanda kitu chochote.

Sina haja ya kusema kwamba msichana huyo si peke yake. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanamjua, kwa sababu wengi wao ndio yeye. Katika sherehe za Idi kule Mnazi Mmoja, Unguja, yupo. Katika Saba Saba, Dar es Salaam, yupo. Na harusini pia yupo, amempakata mtoto wa watu nje ya ukumbi wakati wenziwe wanacheza ngoma ndani. Aghalabu ni binti mkubwa, au shangazi asiyeolewa, au msichana wa kazi. Watu humsifu kwamba ni mpole, na sifa hiyo humfunga zaidi, kwa maana siku akisema naye anataka kupanda, wataona amebadilika tabia. Hata methali hutumiwa kumnyamazisha, akaambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini ili mvumilivu ale mbivu, hapana budi wale waliotangulia mtini wamwachie japo moja.

Dawa yake si ngumu, nayo ni zamu. Mmoja apande na mwingine abaki na mtoto. Akishuka yule, huyu naye apande. Watu watasema jambo hilo lajulikana. Naam, lajulikana, lakini halitendeki, na sababu yake ni mstari. Mahali penye watu wengi, aliyebaki chini akitaka kupanda hulazimika kuanza upya mwisho wa mstari, angoje nusu saa nyingine, na wenzake waliokwisha kupanda hawataki tena kungoja. Humwambia, "Acha tu, tutakuja mwakani." Hivyo zamu yake hupotea, si kwa sababu mtu amemnyang'anya, bali kwa sababu hakuna aliyemwekea.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulitafakari jambo hili. Michezo ya mashine ilipata umaarufu mkubwa katika maonyesho, kama haya yetu. Katika maonyesho ya Chicago, Marekani, mwaka 1893, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye kimo cha meta 80 hivi. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Yaani watu 2,160 waliweza kuzungushwa angani kwa pamoja. Katika kiwanja cha Disneyland kilichofunguliwa mwaka 1955 huko California, upo leo utaratibu maalumu kwa ajili ya jamaa wenye mtoto mdogo au mtoto asiyetaka kupanda. Jamaa humweleza mfanyakazi wa mlangoni. Mmoja hupanga mstari na kupanda, na mwingine hungoja na mtoto. Wa kwanza akishuka humpokea mtoto, na wa pili huingia bila ya kupanga mstari mrefu upya. Watu wale ni wafanya biashara, nao hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Wanajua kwamba aliyebaki naye amelipa kiingilio.

Sisi hatuhitaji mashine mpya ili kufanya kama hayo. Nashauri wenye bembea katika viwanja vyetu wafanye mambo mawili. La kwanza, mtu akisema kwamba yuko na mtoto asiyepanda, akatiwe tiketi mbili kwa mara moja, na ya pili itiwe alama, ili mwenye nayo aingie mara mwenzake anaposhuka. Mwenye bembea hapotezi hata senti moja, maana kila kiti kimelipiwa. Pengine atapata zaidi, kwa kuwa yule aliyekuwa harudi sasa atapanda. La pili, pawekwe ubao wa kukalia penye kivuli karibu na mlango, mahali ambapo mtoto anaweza kuwaona jamaa zake wakipanda na kushuka.

Hapo nawajibu wale wanaosema kwamba kumhurumia mtoto ni kumfundisha uoga. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyeketi kivulini huku ameshikwa mkono na mtu anayemwamini, akamwona baba amekwenda akarudi salama, kisha akamwona dada amekwenda akarudi anacheka, anajifunza kitu ambacho kulazimishwa hakuwezi kumfundisha. Pengine safari ya tatu atasema, "Na mimi." Asiposema, si kitu, amejifunza jambo jingine, kwamba katika nyumba yao kila mtu hubaki na kila mtu hupanda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana aliyezoea kumwona baba yake ameshika viatu hatadhani, akiwa mkubwa, kwamba kushika viatu ni kazi ya wanawake.

Wala jambo hili si geni katika milima yetu. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti na wajibu juu yake. Maana yake ni kwamba tangu zamani mtoto hakuwa mzigo wa mtu mmoja. Alikuwa na watu wake, wanaume kwa wanawake. Watazameni pia wanaoshuka asubuhi kutoka vijiji vya mlimani kuleta ndizi na mboga sokoni. Njia ni mteremko mkali na mzigo ni mzito, lakini aliyechoka hupokewa na mwenzake, naye hupokea tena mbele. Hapana anayedhani kwamba kichwa cha mtu mmoja kimeumbwa kwa ajili ya mzigo wa wote. Ikiwa twaweza kupokezana tenga la ndizi, kwa nini tushindwe kupokezana mtoto mmoja anayeogopa bembea?

Nasi hapa shuleni tusidhani kwamba habari hii ni ya nyumbani tu. Wote twajua safari za kupanda mlima. Mji wetu uko kwenye kimo cha meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kimezidi meta 2,100. Kwa hiyo si ajabu kila safari kwamba mmoja au wawili wa Kidato cha Kwanza hufika ukingoni mwa msitu wakasema hawawezi kuendelea. Hulazimika kiranja mmoja kubaki nao. Katika safari mbili nilizokwenda, aliyebaki ni yule yule, kwa sababu mara ya kwanza alionekana anaweza kazi hiyo. Sasa anakaribia kumaliza shule, na kilele cha Lupanga anakijua kwa kukitazama kutoka bwenini.

Mlima si kama bembea. Aliyebaki hawezi kupanda mara wenzake wanaposhuka, maana jua limekwisha kuchwa. Kwa hiyo zamu ya mlimani yahitaji kitu ambacho zamu ya bembea haihitaji, nacho ni kumbukumbu. Naomba viranja wetu waweke daftari. Kabla ya safari yaandikwe majina ya watakaobaki ikiwa patakuwa na haja, na aliyebaki safari hii asiandikwe tena safari ijayo, bali awe wa kwanza katika orodha ya wanaofika kileleni. Zamu isiyoandikwa husahauliwa na aliyepanda, ingawa aliyebaki huikumbuka siku zote.

Wengine watasema kwamba mambo mema hayafai kuandikwa katika daftari, kwamba yafaa yatoke moyoni. Nakubali kwamba yatoke moyoni, lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye juu ya bembea haoni vizuri uso wa aliye chini. Ndiyo maana twahitaji utaratibu. Utaratibu ni moyo mwema uliowekwa mahali ambapo hata mtu aliyesahau ataukuta.

Agosti ijayo wengi wetu tutakwenda tena viwanjani, wengine na darasa, wengine na jamaa zao. Nawaomba wasomaji, na hasa ndugu zetu wavulana, wafanye jambo moja tu kabla ya kupanda mara ya pili: watazame chini, wamtafute aliyeshika viatu vyao, wakamwulize, "Wewe umepanda mara ngapi?" Akijibu kwamba hajapanda, wasimsifu kwa upole wake. Wachukue viatu, wamshike mtoto mkono, na wampe tiketi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne