Kahawa ya Gakindu na Ulimi wa Aliyeipanda

Katika mto Douro nchini Ureno, meli za watalii hupanda kutoka mji wa Porto hadi Régua na Pinhão, zikipita kati ya milima iliyochongwa matuta mithili ya ngazi. Kwenye matuta hayo imepandwa mizabibu. Abiria hushuka, hutembezwa shambani, huingizwa katika maghala ya mapipa, kisha huketishwa mezani na kumiminiwa mvinyo kidogo kidogo. Mwenyeji huwaeleza mwaka wa mavuno, aina ya zabibu na tabia ya udongo. Mipaka ya eneo hilo la mvinyo iliwekwa na serikali mwaka 1756, na tangu hapo jina la mahali limekuwa sehemu ya bei ya chupa. Mgeni anaporejea melini na chupa zake mbili tatu, huwa amelipia zaidi ya kinywaji. Amelipia kilima alichokiona kwa macho yake.

Kule Gakindu, katika Mukurwe-ini ya Kaunti ya Nyeri, hakuna meli. Mito ya huko, Gura ukiwa mmojawapo, huporomoka kwa kasi kutoka safu ya Nyandarua na haina subira ya kubeba abiria. Lakini matuta yapo, na udongo mwekundu wa volkano upo, na juu ya matuta hayo imesimama mibuni. (Matuta ya Ukikuyuni yana historia yake chungu: mengi yalichimbwa kwa shuruti ya serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, na katika wilaya jirani ya Murang'a wanawake waliikataa kazi hiyo hadharani mwaka 1948.) Kinachokosekana ni meza. Mtalii afikaye Nyeri huoneshwa kaburi la Baden-Powell aliyefariki mwaka 1941, husimuliwa habari za Treetops, ambako binti mfalme wa Uingereza alilala usiku ule wa Februari 1952 babake alipofariki, kisha hupelekwa mbugani kutazama ndovu. Gari lake hupita kando ya kahawa bila kupunguza mwendo.

Anayeitazama Douro kwa pupa anaweza kudhani kuwa siri yake ni pombe, na kwamba Nyeri nayo ikitaka wageni iwatafutie kitu cha kulewesha. Kenya ina mizabibu yake huko Naivasha, na Tanzania ina Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Isitoshe, Wakikuyu wana muratina, kinywaji cha asali au maji ya miwa kinachochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa. Ni kinywaji chenye heshima: hutangulizwa katika ruracio, na zamani hakikunywewa na vijana. Muratina inastahili kuelezwa kwa mgeni, na hata kuonjwa, mradi wazee wenyewe waridhie. Hata hivyo, kuifanya nguzo ya utalii katika nyanda za Mlima Kenya ni kupuuza misiba iliyo wazi. Eneo hili ndilo lililoshuhudia msako mkubwa wa pombe hatari mwaka 2015 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Na mnamo Februari 2024, kijijini Kangai katika Kaunti jirani ya Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walipoteza maisha baada ya kunywa pombe haramu. Mama aliyemzika mwanawe kwa sababu hiyo hawezi kuambiwa leo kuwa maendeleo yatamjia ndani ya chupa.

Hoja inayofaa kusimamiwa, basi, ni kahawa. Nayo huonjwa kwa ustadi usiopungua ule wa mvinyo. Buni hukaangwa kidogo tu, husagwa kwa chengachenga, hutiwa ndani ya bakuli na kumwagiwa maji yaliyokaribia kuchemka. Baada ya dakika nne hivi, mwonjaji huuvunja kwa kijiko utando uliojitanda juu, huinama na kunusa, kisha huvuta kijiko kimoja kwa mfyonzo wa kelele ili kahawa itapakae ulimini kote, na hatimaye hutema. Kwa njia hiyo huamuliwa hatima ya magunia. Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na Maabara ya Scott karibu na Nairobi katika miaka ya 1930, husifiwa na waonjaji wa ng'ambo kwa ukali wake mtamu, nao wako radhi kuzilipia.

Kinaya ni kwamba aghalabu aliyezipanda hajapata kuzionja. Mkulima wa Gakindu huamka alfajiri, huchuma matunda mekundu, huyapeleka kiwandani siku iyo hiyo, hupimiwa, hupewa risiti na kurudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Kiwandani matunda humenywa, huachwa yachachuke usiku, huoshwa kwa maji ya mto na kuanikwa juani juu ya meza za waya. Baada ya hapo kahawa huondoka kijijini, na mkulima husubiri malipo yake kwa miezi kadhaa. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Wakoloni waliwazuia Waafrika wa maeneo haya kupanda kahawa kwa miaka mingi, na kilimo hicho hakikuenea miongoni mwao hadi miaka ya 1950, hasa chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Waliporuhusiwa kuipanda, waliruhusiwa kama watu wa kuchuma na kukabidhi. Sheria zilihitaji kibali hata cha kuisafirisha kahawa. Mmea uliingia shambani ila kinywaji hakikuingia jikoni.

Hasara yake inaweza kuhesabiwa. Kilo sita au saba za matunda hutoa takriban kilo moja ya buni, nayo ikikaangwa hutosha vikombe vipatavyo 80. Hata pale ambapo kilo ya matunda hulipwa shilingi 100, vikombe hivyo vyote humletea mkulima shilingi 700, na makato bado. Katika hoteli nyingi za Nairobi, wateja wanne wakiagiza kikombe kimoja kimoja huwa wamezipita shilingi hizo. Kijana anayeujua mlinganyo huu hashangazi anapoitazama mibuni ya babake kama kuni. Kule karibu na Ruiru, mashamba ya kahawa yamekwisha kugeuka mji wa Tatu. Mukurwe-ini haijafika huko, lakini shoka halihitaji mkandarasi.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema, na ajabu ni kwamba wapenzi wake wamelinyamazia. Katika utalii wa kahawa nchini, aghalabu maelezo hutolewa kwa Kiingereza, kana kwamba lugha hii haina ulimi. Ilhali Mswahili wa Lamu na Mombasa amekuwa akinywa kahawa barazani kwa karne nyingi! Ana buni, ana dele la shaba, ana vikombe vidogo visivyo na mkono, ana tangawizi ya kuitia na kashata ya kusindikizia. Anajua tofauti kati ya uchungu, uchachu, ugwadu na ukakasi, maneno manne ambayo mwonjaji yeyote angeyahitaji kabla ya saa nne asubuhi. Mahali ambapo Mzungu hutaja matunda ya kwao, mwelekezi wa Gakindu anaweza kutaja zambarau, ukwaju, matunda ya damu au muwa uliokatwa punde. Mgeni kutoka Kisumu au Mwanza angeelewa mara moja, na huyo naye ni mtalii, ingawa matangazo ya utalii humsahau.

Zipo pingamizi, na baadhi ni nzito. Mavuno makuu huangukia Oktoba hadi Desemba, mvua za vuli zinaponyesha na barabara za vilimani kuwa utelezi mtupu. Aidha, kuna aibu ya kuwageuza wachumaji, wengi wao wanawake, kuwa maonyesho ya kupigwa picha. Pingamizi hii ya pili haitatuliwi kwa tabasamu. Hutatuliwa kwa kuamua nani anamiliki meza. Endapo kampuni ya mjini italeta gari, mwelekezi na hata kahawa iliyokaangwa kwingine, Gakindu itabaki kuwa pazia la nyuma. Endapo chama cha ushirika kitatoza kiingilio, kikakaanga sehemu ndogo ya kahawa ya wanachama wake na kuiuza kwa jina la kiwanda chenyewe, hesabu ya vikombe 80 itaanza kusomeka upya. Maarifa hayako mbali: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho mjini Nyeri, kina shamba la kahawa na hufundisha teknolojia yake.

Na kabla ya mgeni yeyote kuletwa, wanachama wenyewe waonje. Waketi katika mkutano wao wa mwaka, bakuli za viwanda mbalimbali zipangwe mbele yao bila majina, wafyonze, wateme, wabishane. Mkulima anayejua ladha ya kahawa yake humuuliza mnunuzi maswali ambayo anayejua uzito wake tu hawezi kuyauliza. Hilo halingoji mtalii wala ruzuku. Kikaango, kinu na sufuria ya maji ya moto havikosekani Gakindu.