Wanawake wawili, moto moja, na njia iliyopita Kongo



Kuna swali linalorudi katika mikutano yetu: binti akisema anataka kujifunza moto, si kupanda nyuma tu bali kuiendesha, na hata kuifungua na kuitengeneza kwenye garaji, mama amjibu nini? Wengine wetu tunaogopa ajali. Wengine tunaogopa maneno ya majirani. Hofu zote mbili zina sababu, na hatutazicheka. Lakini kabla ya kumjibu binti, tusikilize habari ya wanawake wawili waliopita katika nchi yetu kwa moto mwaka 1935, wakati bibi zetu wengi walikuwa bado wasichana.

Majina yao ni Theresa Wallach na Florence Blenkiron, Waingereza wote wawili. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934, katikati ya baridi ya Ulaya, wakafika Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 29 Julai 1935. Ni miezi 7 na nusu. Walivuka bahari hadi Algeria, wakakata jangwa la Sahara kutoka kaskazini hadi kusini, wakapita Niger na Nigeria, wakaingia Kongo, kisha Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi za Rhodesia, ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Hapakuwa na gari la kuwafuata nyuma na vyakula na vipuri. Walikuwa wawili tu, na moto moja.

Jambo moja tusilifiche. Kongo ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na barabara nyingi zilichimbwa na kutunzwa kwa mikono ya babu na bibi zetu, mara nyingi kwa kazi ya lazima. Mwanamke wa Ulaya aliweza kupita kwa karatasi zake pale ambapo mwanamke wa hapa hakuwa na ruhusa ya kutembea apendavyo. Tunalijua hilo, na bado safari yao ina la kutufundisha.

Moto yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, aina ya Panther, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 600. Nyingi za motari wetu ni za 125 au 150. Ubavuni ilifungwa kiti chenye gurudumu lake, gurudumu la tatu, na nyuma ikavuta kitoroli cha mizigo. Kiti hicho cha ubavuni Waingereza wanakiita saidika. Sikio letu linasikia neno la kwetu, kusaidika, na halikosei sana: ndicho kiti cha yule wa pili, aliyechoka, aliye mgonjwa, au mwenye mzigo.

Anayejua moto ya magurudumu mawili asidhani anaijua ya matatu. Moto ya kawaida inalala upande inapokata kona. Yenye saidika hailali. Inageuzwa kwa nguvu za mikono kwenye usukani. Ukiongeza esansi, inavuta kuelekea upande wa saidika, kwa sababu upande ule una uzito lakini hauna mashine ya kuusukuma. Ukifunga breki, inakwenda upande mwingine. Katika nchi inayoendesha kulia kama yetu, saidika hufungwa kulia. Basi ukikata kona ya kulia kwa haraka na kiti ni kitupu, gurudumu la tatu linainuka kutoka chini, na moto inaweza kupinduka. Ndiyo maana wanaojifunza huweka mfuko wa mchanga ndani ya kiti. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani anaelewa bila darasa: mzigo ukibadilika, mwendo nao unabadilika.

Faida yake inaonekana pale njia inapoharibika. Moto ya magurudumu mawili ikiteleza kwenye matope, inaanguka na aliye juu yake. Ya matatu inateleza, lakini inabaki imesimama. Inaweza kusimama katikati ya mlima bila dereva kuweka mguu chini. Ulaya wanaijua faida hiyo kwa sababu ya theluji, ambayo kwa gurudumu si tofauti sana na matope yetu ya mwezi wa Novemba. Huko Ujerumani, tangu mwaka 1956, waendesha moto hukutana katikati ya baridi kali. Sasa wanakutana Bavaria na kulala katika mahema juu ya theluji, na wengi wao huja na saidika. Mkutano huo unaitwa wa Tembo, kutokana na moto nzito ya Zündapp iliyopewa jina la utani la tembo wa kijani. Na huko Irbit, Urusi, kuna kiwanda cha Ural kilichotengeneza moto za saidika ambazo baadhi yake mashine inasukuma hata gurudumu la tatu, ili moto itoke penye theluji. Baridi ya kwenye moto ni adui wa kweli, kwa maana upepo wa mwendo unaondoa joto la mwili upesi. Motari wa Butembo na Lubero anayevaa koti kinyume, mgongo ukiwa mbele, anajua habari hiyo kila asubuhi.

Tuwarudie wasafiri wetu. Sahara haikuwahurumia. Mchanga laini ulikamata magurudumu yote matatu na yale ya kitoroli. Wakashuka, wakachimba, wakasukuma, wakapanda, wakakwama tena. Mashine ikavunjika, na ikabidi ifunguliwe na kujengwa upya kabla safari haijaendelea.

Hapa tunaomba mama wasimame kidogo. Watu husimulia safari hii kama habari ya ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, lakini ujasiri peke yake haufungui injini. Kilichowatoa jangwani ni elimu ya mikono. Theresa Wallach alikuwa amesomea ufundi wa mitambo chuoni London, wakati wasichana katika masomo hayo walihesabika kwa vidole. Florence Blenkiron, mwaka 1934, alizunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa mwendo uliopita kilometa 160 kwa saa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwa moto katika uwanja ule. Walipoondoka London, mikono yao ilikuwa imeshika spana kwa miaka. Baadaye, katika vita kuu ya pili, Wallach alibeba barua za jeshi la Uingereza kwa moto. Kisha akahamia Marekani, akatengeneza moto, akafundisha watu kuendesha, na akaandika kitabu cha safari yao, kilichotoka baada ya yeye kufariki mwaka 1999. Alikuwa na miaka 90. Moto haikumuua.

Na msidhani hii ni habari ya wasichana tu. Mwaka 1915, huko Marekani, binti mmoja jina lake Effie Hotchkiss alinunua moto ya Harley-Davidson yenye saidika, akamweka ndani mama yake mzazi, Avis. Wakaondoka Brooklyn, New York, mwezi wa Mei, wakafika San Francisco, upande wa pili wa nchi, mwezi wa Agosti, kisha wakarudi kwa moto ile ile. Kwenda na kurudi ni karibu kilometa 14,500, na barabara nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa za udongo. Mpira wa ndani wa gurudumu ulipokosekana, walikata blanketi, wakalikunja, wakalijaza ndani ya pine, wakaendelea. Ni nani kati yetu asiyemwona mama wa kwetu katika ufundi ule wa blanketi? Tunaipenda habari hii kwa sababu mama hakubaki nyumbani akihesabu siku. Alikaa ubavuni mwa binti yake, akaona kwa macho yake kwamba anajua kazi.

Sasa tuje kwetu. Vikundi vyetu vya akiba vinauliza: je, tununue moto ya kubeba wajawazito na wagonjwa hadi kituo cha afya? Wote tunajua mama mwenye uchungu anavyobebwa leo, katikati ya motari na shemeji, akishikiliwa asianguke. Huko Malawi, wilaya ya Mangochi, vituo 3 vya afya vya vijijini vilipewa moto za saidika zenye kitanda, na kazi yake ikapimwa kwa mwaka mmoja, 2001 hadi 2002. Muda wa kumfikisha mama hospitali ulipungua kwa kati ya saa 2 na saa 4 na nusu, kulingana na kituo. Bei ya moto moja ilikuwa karibu mara 19 chini ya bei ya gari la wagonjwa. Mama anayevuja damu, saa 2 kwake ni uhai.

Lakini kabla kikundi hakijafungua sanduku la akiba, kijiulize maneno matatu.

La kwanza ni njia. Moto ya kawaida inapita kwenye kijia cha upana wa mguu. Yenye saidika inahitaji njia pana, kwa sababu gurudumu la tatu linakanyaga mahali pake peke yake. Kwenye kijia kilichoinama upande wa mlima, inaweza kupinduka. Nendeni mkaikague njia yenu kwa miguu, kutoka kijijini hadi kituoni, wakati wa mvua na si wakati wa kiangazi. Pengine kazi ya kwanza ya kikundi ni jembe na koleo.

La pili ni dereva. Motari hodari wa magurudumu mawili anahitaji kujifunza upya, kwanza kwenye uwanja mtupu, na mfuko wa mchanga kitini, kabla hajawekewa mama mwenye mimba. Haraka yake ya kila siku aiache nyumbani.

La tatu ni mkono wa kutengeneza. Moto isiyo na fundi karibu, baada ya muda, inakuwa kiota cha kuku nyuma ya kituo. Esansi, pine, mnyororo, mafuta ya mashine, hivyo vyote vina bei kila mwezi, na kikundi kiviweke katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Neno hilo la tatu ndilo linaloturudisha kwa binti aliyeuliza. Tunalia kwamba fundi yuko mbali, na fundi anakaa mezani petu, anakula ugali wetu, na tunamwambia kazi ile ni ya wavulana. Kama kijiji kina moto moja ya kuokoa mama, na wanaoijua ni vijana wawili waliokwenda mgodini, basi usiku wa uchungu hatuna moto.

Jibu letu, basi, ni hili. Binti aanze chini, kwenye mashine iliyozimwa. Ajue kufungua buji na kuisafisha, kukaza mnyororo, kuziba tundu la pine, kupima mafuta. Amtafute fundi mwenye heshima, ambaye garaji yake iko wazi mbele ya watu, na mama aende naye siku za kwanza, akae kwenye kibao, aone. Akishajua mashine, ndipo ajifunze kuendesha, na kaske kichwani tangu mita ya kwanza, iliyofungwa kidevuni, si iliyoning'inia mkononi. Kabla ya kubeba mtu, ajue kubeba mzigo usio na roho. Na masomo ya shule yasikatwe kwa ajili ya hayo. Wallach aliweza kitabu na spana pamoja.

Hofu ya ajali inapungua kwa mafundisho, haipungui kwa katazo. Aliyekatazwa atapanda kwa siri, bila kaske. Na maneno ya majirani, mama, tunajua yanakoishia: siku jirani yule yule atakapogonga mlango saa 8 za usiku kwa ajili ya binti yake mwenye uchungu, hatauliza kama anayewasha moto amevaa kitenge.

Katika mkutano wa wiki hii, kila kikundi kiandike kwenye daftari majina ya wasichana wanaotaka kujifunza ufundi wa moto, na jina la fundi mmoja anayeaminika katika mtaa. Leteni orodha zenu kwa wawakilishi wenu, tuone tunaweza kuwaweka wangapi pamoja. Tukutane wiki ijayo, na Mungu alinde njia zenu.